Mwacheni Ndama wa Chotara kwa Mama Yake

Katika viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi mkoani Simiyu, palipofanyika Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018 na tena mwaka 2019, banda la ng'ombe wa maziwa halikosi watu. Mzee wa Itilima, kijana wa Busega, mama wa Maswa, kila mmoja akifika mbele ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa huuliza: anatoa lita ngapi? Ni swali la haki kwa mtu ambaye ng'ombe wake nyumbani anatoa lita moja, akijitahidi sana mbili, tena wakati wa mvua. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ndama wa ng'ombe yule yuko wapi, ananyonya au ananyweshwa kwa ndoo, na kama mama yake angekubali kukamuliwa iwapo nusu ya damu yake ingekuwa ya kienyeji.

Kwa maoni yangu, swali hilo la ndama ndilo litakaloamua kama Simiyu itakuwa mkoa wa maziwa au itabaki kuwa mkoa wa ng'ombe wengi na maziwa machache. Tumekuwa tukileta mbegu na mitamba, tukaleta pamoja nayo maelekezo ya malezi yaliyoandikwa kwa ajili ya ng'ombe wa aina nyingine, mwenye tabia nyingine. Anayelipa gharama ya kosa hilo ni ndama.

Mkoa huu uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya pamba, mpunga, mtama na ng'ombe. Meatu ilianzisha kiwanda kidogo cha kusindika maziwa wakati Maswa ikianzisha cha chaki, na maziwa ya Meatu yakapata jina. Lakini kiwanda kinahitaji maziwa kila siku, kiangazi na masika, na ng'ombe wetu wa asili, yule mdogo mwenye nundu tuliyemrithi, hakuumbwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana watu wanataka chotara. Ninaunga mkono jambo hilo bila kusita. Ng'ombe chotara aliyetunzwa vizuri, mwenye majani, maji na kivuli, anaweza kutoa lita sita, nane au zaidi kwa siku, na hilo hubadilisha kabisa maisha ya familia.

Ila mrija wa mbegu ya Friesian haubebi lita peke yake. Unabeba tabia. Na yule mama wa kienyeji anayehimilishwa ana tabia zake ambazo hazifutiki kwa sindano moja.

Friesian ametoka Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, ambako kwa vizazi vingi mkulima alimtenga ndama na mama mapema, akakamua maziwa yote, akampimia ndama sehemu yake kwenye ndoo. Ng'ombe aliyekataa kukamuliwa bila ndama hakubaki zizini muda mrefu. Alipelekwa machinjioni na uzao wake ukakatika. Waliobaki wakazaa wenye tabia kama zao, hadi leo tuna ng'ombe anayeshusha maziwa akisikia tu mlio wa mashine au akinusa pumba. Hakuna anayeshangaa akitenganishwa na ndama wake siku ya kwanza na kuendelea kutoa maziwa kwa miezi kumi.

Ng'ombe wa nundu alipita kwenye chujio lingine. Alizaa porini, penye fisi na simba, katika nchi ambayo mvua ikikosa mwaka mmoja kundi linapungua nusu. Ng'ombe aliyeficha maziwa kwa ajili ya ndama wake alimkuza. Aliyeyaachia ovyo hakumkuza. Kwa hiyo tukarithi mama mkali, mwenye kumlinda mtoto wake kwa pembe, na asiyeshusha maziwa mpaka ndama amguse, amsukume kiwele kwa kichwa na kunyonya. Kila mtoto wa Kisukuma aliyechunga ndama analijua hili: unamfungulia ndama, ananyonya kidogo mpaka mate yatoke povu, unamvuta pembeni, unakamua, kisha unamrudishia. Ndama akifa, mama hulia siku kadhaa, na maziwa hukauka.

Sababu yake iko mwilini. Maziwa mengi ya ng'ombe hukaa juu, ndani ya vijifuko vidogo sana vya kiwele, na kiasi kidogo tu ndicho kinachokuwa kimeshuka karibu na chuchu. Yale ya juu hayashuki mpaka ubongo uachie homoni ya oksitosini, nayo ikabane vijifuko hivyo. Nguvu yake haidumu. Ni dakika chache tu. Kwa Friesian, mkono wa mkamuaji au kelele za ndoo zinatosha kuiamsha. Kwa wa nundu, kinachoiamsha hasa ni ndama. Ukimtisha, ukampiga au ukamfunga miguu kwa hasira, homoni ya hofu huingia na kuzuia kila kitu. Na kwa kuwa ng'ombe wa nundu ana nafasi ndogo ya kuhifadhi maziwa yaliyokwisha kushuka, mkamuaji asiye na ndama hupata kikombe pale ambapo zilikuwepo lita.

Wafugaji wa ukanda wetu walilielewa hili karne nyingi kabla ya maabara. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu Wanuer wa Sudan ya Kusini, alieleza jinsi ndama akifa ngozi yake inavyojazwa majani na kuwekwa mbele ya mama, ili ainuse, ailambe na kuachia maziwa. Watu hao walikuwa wanamsoma ng'ombe wao, na walimsoma sawasawa.

Sasa njoo kwa chotara. Huyu ni nusu kwa nusu, na tabia yake haigawanyiki vizuri kama posho. Mmoja ataachia maziwa kwa mkono wa mkamuaji kama ng'ombe wa ukoo wa baba yake; dada yake wa tumbo moja atakataa katakata mpaka aone ndama. Wengi wako katikati: wiki mbili za kwanza wanakubali, kisha wanaanza kuzuia. Mtamba wa kwanza kuzaa ndiye mgumu zaidi. Kanuni ya kitabu cha Ulaya, ya kumtenga ndama siku ya kwanza au ya pili na kumfundisha ndoo, inamkuta huyu akiwa bado ana nusu ya moyo wa nyanya yake wa Meatu.

Matokeo yake tunayaona vijijini. Familia inapata mtamba kwa mkopo au kwa kuuza ng'ombe watatu wa kienyeji. Anazaa. Inaelekezwa kumtenga ndama. Ng'ombe anaanza kurusha mateke, maziwa yanapungua kila wiki, na ndama naye anaharisha kwa ndoo. Mwezi wa nne au wa tano ng'ombe amekauka, ndama ana tumbo kubwa na manyoya yaliyosimama, na mtaani jibu ni kwamba mbegu ilikuwa mbaya au kwamba Usukuma si nchi ya ng'ombe wa kizungu. Mbegu haikuwa mbaya. Ng'ombe alilelewa kama Mholanzi mtupu, naye si Mholanzi mtupu.

Upande wa ndama mambo ni mazito zaidi, na hapa ningependa msomaji avumilie maelezo kidogo. Ndama anayenyonya huinua shingo. Kitendo hicho cha kunyonya hufunga mfereji maalumu unaopitisha maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne, mahali pake pa kusagwa. Ndama anayelazimishwa kuinamisha kichwa ndooni na kugugumia kwa pupa, hasa maziwa yaliyopoa, mfereji ule unaweza usifunge sawasawa. Maziwa yanamwagikia tumbo la kwanza, yanachacha, na ndama anavimba au anaharisha. Ndama wenye damu ya nundu ni wagumu kufundishika ndoo. Anayefanya kazi hiyo hutumia siku kadhaa akimlambisha vidole, na siku hizo ndizo ambazo mwili wa ndama hauna akiba.

Kuna tabia nyingine ambayo wengi huiona wakadhani ni uchokozi. Ndama aliyekunywa kwa ndoo akamaliza kwa dakika mbili bado ana hamu ya kunyonya, kwa sababu kwa asili angetumia dakika kumi au zaidi kwenye chuchu. Hamu hiyo anaimalizia kwa mwenzake: ananyonya masikio, kitovu, chuchu changa za mtamba mdogo. Kitovu kinaingia uchafu na kuoza. Manyoya yanamezwa na kujikusanya tumboni. Kwa ndama anayenyonya mama yake tabia hii ni nadra.

Halafu kuna suala la maji, ambalo mwandishi wa kitabu cha ufugaji kule kwenye bomba haliwazi. Ndoo ya ndama inatakiwa ioshwe kwa maji safi na sabuni kila inapotumika, asubuhi na jioni. Mwezi wa tisa huko Meatu, au katika vijiji vya Itilima vilivyo mbali na visima, mama anayetembea na ndoo kichwani kutafuta maji ya kupikia hatatumia nusu yake kuoshea chombo cha ndama. Wala hatuna haki ya kumlaumu. Chuchu ya mama haihitaji kuoshwa kwa sabuni, na maziwa yake hutoka na joto la mwili.

Haya si mawazo ya mtu anayetaka turudi nyuma. Mapema miaka ya 1970, Ugarte na Preston walifanya majaribio nchini Kuba ya kukamua kwanza na kisha kumruhusu ndama anyonye kwa muda mfupi. Ndama walikua vizuri, na ugonjwa wa kiwele ukapungua kwa mama zao, kwani ndama anapomalizia maziwa ya mwisho haachi kitu cha kuchachia ndani. Nchini Brazil, kunakozalishwa maziwa mengi kutokana na Girolando, mchanganyiko wa Friesian na Gir wa India, wafugaji wengi mpaka leo humleta ndama mbele ya mama wakati wa kukamua. Na hapa kwetu, Msanga na Bryant walichapisha mwaka 2003 utafiti uliofanyika katika kituo cha utafiti wa mifugo Tanga kuhusu kunyonyesha kwa kiasi ng'ombe chotara. Wataalamu wetu wanaijua njia hii. Kilichokosekana ni kuifikisha kwa mfugaji wa Dutwa na Mwandoya kama maelekezo rasmi, si kama desturi ya kizamani ya kuionea aibu.

Njia yenyewe inahitaji nidhamu. Ndama akizaliwa apate dang'a mapema, ndani ya saa sita za mwanzo, kwa sababu utumbo wake hupokea kinga ya mama kwa muda mfupi tu na kufikia saa 24 mlango huo huwa karibu umefungwa. Asiposimama mwenyewe, asaidiwe kushika chuchu. Abaki na mama siku nne au tano za kwanza. Baada ya hapo watenganishwe lakini waonane, na wakutane mara mbili kwa siku: ndama aanzishe, mtu akamue, kisha ndama arudi kwa nusu saa hivi. Mwezi wa kwanza na wa pili chuchu moja isiguswe kabisa na mkamuaji. Ni mali ya ndama. Baadaye anaweza kuachiwa masalio pekee huku akizoeshwa majani laini, maji na chakula cha nafaka kidogo. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, kwa hiyo masalio ya ndama si makapi. Asiachishwe kabla ya miezi mitatu, na uachishaji uwe wa hatua kwa hatua ili mama asikauke kwa mshtuko.

Nakubali kuna gharama. Ng'ombe anayenyonyesha huchelewa kidogo kurudi kwenye joto, na chotara mwenye damu ya nundu ana joto fupi, mara nyingi la usiku, linalompita mfugaji aliyelala. Mhimilishaji akiitwa asubuhi ya pili, muda umekwisha. Dawa yake ni lishe nzuri kwa mama baada ya kuzaa na jicho la mtu anayempitia ng'ombe jioni sana na alfajiri. Gharama nyingine iko kwenye lita za kuuza: chuchu moja katika nne ni sehemu kubwa kwa familia yenye ada ya shule. Lakini ng'ombe anayekamuliwa miezi tisa akiwa na ndama wake huipa familia maziwa mengi kuliko anayekauka mwezi wa tano, na mwisho wa mwaka kuna ndama hai zizini.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya upande mwingine. Desturi yetu ya kumwanzishia ndama na kumrudishia ni nzuri, lakini mkono wa mkamuaji umezoea kuchukua mno. Ng'ombe wa lita mbili akikamuliwa lita moja na nusu, ndama wa kienyeji wa kilo 20 anavumilia, anakua taratibu, anafika. Ndama wa chotara huzaliwa akiwa mzito zaidi, anahitaji lita tatu hivi kwa siku, na hana uvumilivu ule. Njaa ya miezi mitatu ya mwanzo haifidiki. Mtamba aliyedumaa huchelewa kupandwa kwa mwaka mzima au zaidi, na mfugaji anamlisha bure muda wote huo.

Simiyu ina mambo mawili ya kumlisha na kumtunza huyu ndama na mama yake ambayo mikoa mingine ingeyatamani, na moja kati yao linahitaji tahadhari. La kwanza ni ngitili. Mababu walifunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokaza, na kwa kawaida lilikuwa la ndama, maksai na ng'ombe wasioweza kufuata kundi mbali. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoa wa Shinyanga, ulirudisha ngitili katika maeneo mengi, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa. Chotara hapendi kutembea juani kama mama yake wa kienyeji. Saa saba mchana anaacha kula na kutafuta mti. Ngitili yenye kivuli karibu na boma inamfaa ndama wake kuliko mnyama mwingine yeyote. Inasikitisha kuona nyingi zikilimwa pamba mpaka mpakani.

La pili ni mashudu. Viwanda vyetu vya kuchambua pamba na kukamua mafuta vinatupa chakula kizuri cha ng'ombe anayekamuliwa. Lakini mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa huipunguza makali. La ndama bado halijakomaa, na sumu hiyo hudhuru moyo na ini lake. Ndama wa chini ya miezi minne asipewe mashudu ya pamba. Nimeona watu wema wakiwamwagia ndama mashudu kwa mapenzi, wakidhani wanawanenepesha.

Ugonjwa nautaja kwa ufupi kwa sababu unajulikana. Ndigana kali inayoletwa na kupe humuua chotara haraka kuliko wa kienyeji. Chanjo yake ipo nchini, hutolewa mara moja katika maisha, na ndama ndiye anayestahili kuipata mapema. Pamoja nayo, josho lisikose dawa.

Dume pia azungumziwe. Katika nchi nyingi za maziwa ndama dume hana thamani, na anatupwa machinjioni akiwa na siku chache. Usukumani hatuna anasa hiyo wala sababu yake. Dume ni maksai wa kesho na nyama ya sikukuu. Lakini huyu naye azoeshwe watu tangu mdogo, hasa mwenye damu ya Jersey, maana madume wa Jersey wanajulikana kwa ukali wakishakomaa hata kama mama zao ni wapole. Na ndama jike aliyeguswa, aliyesuguliwa mgongo na kuitwa kwa jina na watoto wa boma, anakuwa mtamba asiyerusha mateke siku ya kwanza ya kukamuliwa. Watoto wetu wanaifanya kazi hiyo vizuri tayari, wakiruhusiwa.

Wapo watakaosema tuongeze damu ya Friesian mpaka robo tatu au zaidi ili tabia ya nundu iishe na ndoo ifanye kazi. Cunningham na Syrstad walikusanya takwimu za nchi nyingi za joto katika kitabu cha FAO cha mwaka 1987, wakaona maziwa yanapanda hadi kufikia nusu ya damu ya kigeni, na zaidi ya hapo faida haionekani wazi, huku nusu kwa nusu wakiongoza kwa kuzaa mapema na kuzaa kwa karibu. Kwa joto, kupe na kiangazi cha Simiyu, nusu ndiyo itakayotufaa kwa muda mrefu. Maana yake mama anayemtaka ndama wake hatatoweka kwenye mazizi yetu, na mpango wa malezi lazima umfuate yeye.

Kwa halmashauri sita za mkoa na kwa miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe: mtamba wa kwanza anayezaliwa ndiye malipo ya mkopo kwa jirani anayesubiri. Basi andikeni haki yake kwenye mkataba, kama mnavyoandika banda na majani. Dang'a ndani ya saa sita, chuchu moja kwa miezi miwili, asiachishwe kunyonya kabla ya miezi mitatu, asipewe mashudu ya pamba akiwa mchanga. Mpeni afisa ugani mafuta ya pikipiki afike kwenye boma wiki ile ile ng'ombe anapozaa. Nawe mfugaji, ng'ombe wako akizaa wiki hii, usimpokonye mtoto wake.